Nani Alilipwa? Masihi, Watumwa na Vitenzi Vitatu vya Ghuba ya Mwanza

Mjadala wa uungu wa Masihi una sifa mbaya kwa sisi wapenda fasihi. Ukitaja Nikea tu, mtu anaona maaskofu wenye ndevu ndefu, mwaka 325, wakigombana kwa Kigiriki mbele ya Kaisari Konstantino. Ario anasema Mwana aliumbwa, Athanasio na wenzake wanasema hapana, Mwana ni wa asili ileile ya Baba. Halafu msomaji anapiga miayo na kugeuza ukurasa. Haya, yatuhusu nini sisi watu wa Kanda ya Ziwa?

Yanatuhusu, tena sana. Mimi naishi Sengerema, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia maneno ambayo imani hii iliyatumia ilipofika huku. Nimefikia hoja moja ambayo naomba tuipime pamoja: swali la "Masihi ni nani?" halikufika kwetu kama fumbo la Kigiriki. Lilikuja ndani ya vitenzi, hasa vitatu: kukomboa, kuokoa na kuokoka. Na kitenzi cha kwanza kilikuwa biashara kabla hakijawa teolojia.

Tuanze na ramani. Sengerema ipo upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza. Ukitoka mjini unashuka mpaka Busisi, na hapo zamani ulisubiri kivuko, jua likuchome au mvua ikunyeshee. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilometa 3 za zege juu ya maji, na dakika chache tu unakuwa Kigongo, wilaya ya Misungwi. Karibu na hapo ndipo ilipo Bukumbi. Wasafiri wengi wanapita bila kugeuza shingo. Lakini Bukumbi ni moja ya mahali ambapo neno "Mkombozi" lilipata mwili katika nchi hii.

Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita White Fathers, walifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa 1878. Kiongozi wao alikuwa Padri Léon Livinhac. Lengo lao lilikuwa Buganda, kwa Kabaka Mutesa, na Padri Siméon Lourdel pamoja na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi, wakafika Februari 1879. Huko walimkuta Alexander Mackay wa CMS, Mskoti, fundi mitambo, aliyewatangulia kwa miezi michache. Walikuta pia wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, waliokuwa wameshasikilizwa na Kabaka kwa miaka mingi.

Hapa ndipo panaponivutia. Baraza la Mutesa lilijadili mambo ambayo Nikea iliyajadili, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo ilikuwa kwa Kiswahili. Mutesa alikielewa Kiswahili. Mackay alikisoma na kukisema. Wafanyabiashara wa pwani ndiyo lugha yao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, miaka zaidi ya 1,500 baada ya Ario na Athanasio, kwenye ukingo wa Nyanza, watu wanabishana kwa Kiswahili kama Mungu anaweza kuwa na mwana. Waislamu wanasema Isa ni Masihi kweli, Kurani inamwita hivyo, ni nabii mkubwa aliyezaliwa na bikira, lakini Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mackay anasema Masihi ni Mungu. Lourdel naye anakubaliana na Mackay juu ya hilo, ila hawezi kusali naye. Siku moja, Juni 1879, aligoma kupiga magoti kwenye ibada ya Mackay mbele ya Kabaka, wakaanza kurushiana maneno, Lourdel akichanganya Kifaransa, Kiarabu, Kiswahili na Kiganda. Kabaka akabaki anashangaa: wazungu wawili, Masihi mmoja, ugomvi wa nini?

Ugomvi wa barazani ulikuwa wa nomino: Mwana, Nabii, Bwana, Mungu. Vitenzi vilikuwa vinafanya kazi kwingine.

Novemba 1882 mapadri wale waliondoka Buganda kwa hofu, wakarudi kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 kituo cha Bukumbi kikaanzishwa. Njia za misafara ya watumwa zilikuwa bado hai. Wamisionari walikuwa na utaratibu uliosisitizwa na mkuu wao, Kardinali Lavigerie wa Algiers: kununua watoto kutoka kwa wenye kuwauza, kuwalea, kuwafundisha katekisimu, na baadaye kuwaozesha na kuwakalisha kwenye vijiji vya misheni. Walifanya hivyo Bukumbi, walifanya Kipalapala karibu na Tabora, walifanya Karema kule Ziwa Tanganyika. Malipo yalikuwa vitambaa na bidhaa nyingine zilizotumika kama fedha.

Kwa Kiswahili tendo hilo lina jina: kukomboa.

Leo neno limepanda cheo, linaimbwa na kwaya. Lakini kitenzi chenyewe ni cha soko na deni. Ukiweka simu yako bondi kwa sababu ada ya mtoto imekubana, siku ukipata hela unakwenda kuikomboa. Shamba lililowekwa rehani linakombolewa. Mtumwa alikombolewa. Kitenzi hiki kinadai watu watatu: aliyeshikwa, anayemshika, na anayelipa. Mtoto wa Bukumbi alipofundishwa kwamba Yesu ni Mkombozi, hakuhitaji mfano wa kufikirika. Alikuwa amewaona wote watatu kwa macho yake. Yeye mwenyewe alikuwa na bei.

Na hapa kitenzi kinaanza kufundisha. Nani anaweza kukomboa? Si mtumwa mwenzako. Mwenye mnyororo shingoni hawezi kumlipia mwenye mnyororo shingoni. Anayekomboa lazima awe huru, lazima awe na chake, lazima asiwe na deni kwa yule anayeshikilia. Hiyo ndiyo hoja ya uungu wa Masihi kwa lugha ya kawaida kabisa. Ikiwa wanadamu wote wameshikwa, basi mwanadamu wa kawaida, hata awe nabii mwema kiasi gani, yumo ndani ya mnyororo uleule. Athanasio aliijenga hoja yake juu ya wokovu: kama Mwana ni kiumbe, hawezi kuwatoa viumbe. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alifika karibu na hapo kwa njia ya deni: anayedaiwa ni mwanadamu, anayeweza kulipa ni Mungu peke yake, kwa hiyo mlipaji lazima awe vyote viwili. Mtoto aliyekombolewa kando ya ziwa letu angeielewa hoja hiyo bila Kilatini.

Lakini kitenzi kinauliza pia maswali ambayo wahubiri wetu hawayapendi. Nani alilipwa? Pale Bukumbi jibu lilikuwa wazi: mwenye mtumwa. Kwenye teolojia mambo yanakuwa magumu. Baadhi ya mababa wa kale walisema aliyelipwa ni Shetani. Gregori wa Nazianzo, karne ya 4, alikasirika kabisa. Mnyang'anyi alipwe? Na alipwe Mungu mwenyewe? Tena kama ni Baba aliyelipwa, mbona si yeye aliyetushika? Akakataa majibu yote mawili. Swali hilo halijafungwa mpaka leo, na kila mara kitenzi "komboa" kinapoimbwa, linaimbwa nalo.

Swali la pili ni zito zaidi kwetu. Ukishakombolewa, wewe ni wa nani?

Tuseme ukweli. Watoto wa vituo vile hawakurudishwa kwao na kuambiwa nendeni. Wengi hawakuwa na pa kurudi, ni kweli. Lakini walikaa chini ya misheni, wakalima mashamba ya misheni, wakaoana ndani ya misheni. Na kuna wakosoaji waliosema kila mtoto aliyenunuliwa, hata kwa nia njema, alimpa muuzaji sababu ya kwenda kutafuta mwingine. Sisemi haya kuwatukana wamisionari. Mtoto aliyekuwa mbele yao asingeweza kusubiri siasa za Ulaya zibadilike. Nasema tu kwamba Kiswahili kilijua tatizo hili kabla ya wakosoaji. Angalia neno "bwana". Mwenye mtumwa anaitwa bwana. Na Masihi naye ni Bwana. Neno lilelile! Aliyekuwa na bwana mbaya akapata Bwana mwema, lakini nafasi kwenye sentensi haikubadilika.

Angalia tena "mtumwa" na "mtume". Yote mawili yanatoka kwenye kutuma. Mtumwa ni anayetumwa, mtume ni aliyetumwa. Katika Biblia zetu Paulo anajitambulisha kwa Warumi kwa maneno yote mawili ndani ya mstari mmoja, mtumwa na mtume, na Kiswahili kinayasikilizisha kama ndugu wa tumbo moja. Lugha chache zina bahati hiyo. Tofauti kati ya utumwa na utume, kwa Kiswahili, ni irabu na uhuru wa kukubali.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yalisimama kati ya maneno hayo mawili. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari walewale huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, na hakuondoka. Alitibu watu wa Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka 67. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake aliyoitoa mwenyewe ilichapishwa kwenye jarida la Tanganyika Notes and Records. Ukiuliza kama alikombolewa ili awe huru au ili atumwe, nadhani jibu lake ni hiyo miaka 67. Mtu huwezi kulazimishwa kuamka usiku kuwatibu watu wa nchi ya mbali kwa muda wote huo. Lakini pia usisahau: hakuchagua kununuliwa.

Serikali ya Wajerumani nayo iliingiza mkono kwenye kitenzi hiki. Amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujilipia na kuwa huru. Kujikomboa! Kiswahili kikaongeza "-ji-", silabi moja tu, na teolojia nzima ikatikisika, maana katekisimu inafundisha hasa kwamba hilo haliwezekani. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Halafu "-ji-" ile ikaendelea na safari yake. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda Kamati ya Ukombozi, makao yake yakawa Dar es Salaam, na kizazi kizima kikakua kikisikia "ukombozi" redioni kikimaanisha Msumbiji, Angola na Zimbabwe. Jumapili neno lilikuwa la Masihi, Jumatatu lilikuwa la wapigania uhuru. Sidhani kama ni bahati mbaya. Aliyelielewa kanisani alilielewa redioni.

Upande wa mashariki wa Mwanza, pale Bujora karibu na Kisesa, walijaribu njia nyingine. Padri David Clement, Mkanada, alijenga kanisa lenye umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma, na ndani yake akaweka alama za utawala wa Kisukuma. Hoja ya jengo lile inasomeka kwa macho: Masihi ni Mtemi. Sikukuu ya Bulabo, na ngoma zake za Bagika na Bagalu, ikafungamanishwa na sikukuu ya Ekaristi. Ni jaribio zuri na la ujasiri. Lakini mtemi wa Kisukuma aliwajibika kwa mvua, na mvua ikigoma watu wake waliweza kumwondoa. Ukimpa Masihi cheo hicho umempa pia wajibu wake. Na kuna kichekesho cha historia: mwaka 1963, mwaka uleule wa Kamati ya Ukombozi, Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Kiti cha enzi kikabaki kanisani na makumbusho ya Bujora.

Sasa tuje kwenye kitenzi cha pili. Kuokoa si neno la soko, ni neno la hatari. Na huku kwetu hatari ina sura moja: maji.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua mamia ya watu. Wanaokumbuka siku ile hawasahau jambo moja. Meli ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea, na ndani kulikuwa na watu wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imenaswa ndani ikatoka, maji yakaingia, meli ikazama. Hakuna aliyekosa upendo pale. Kilichokosekana ni uwezo.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, zaidi ya watu 200 wakafa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa mtu mmoja akiwa hai, fundi wa kivuko, aliyekuwa amejihifadhi penye hewa kidogo ndani ya chombo.

Naomba radhi kwa kuweka misiba hii karibu na teolojia, lakini nadhani ndiyo mahali pake. Mababa wa Khalkedonia, mwaka 451, walisema Masihi ni Mungu kamili na mwanadamu kamili, na wanafunzi wengi wanaikariri sentensi hiyo kama jedwali la hesabu. Ukikaa kando ya ziwa unaiona. Anayeokoa lazima aingie majini, maana akibaki ukingoni akipiga kelele hajaokoa mtu. Lakini lazima pia awe na pumzi ambayo maji hayawezi kumnyang'anya, maana mfa maji akimshika mfa maji mwenzake wanakwenda chini wote wawili. Nusu ya kwanza ni ubinadamu wake, nusu ya pili ni uungu wake. Mvuvi wa Kome hahitaji kufundishwa hilo.

Usidhani hata hivyo kwamba watu wa ziwa walikuwa wanasubiri kuokolewa kutoka Jehanamu. Msome Aniceti Kitereza, Mkerewe, aliyeandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Shida ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni kukosa mtoto. Wokovu wao ni mganga, dawa, uvumilivu, na hatimaye kilio cha mtoto mchanga ndani ya nyumba. Kitereza alisomeshwa na mapadri na alikuwa Mkatoliki, lakini aliuacha ulimwengu wa mababu zake useme kwa ulimi wake. Nikimsoma naona kile ambacho Masihi mgeni alikuta tayari kipo mezani: afya, uzazi, mvua, amani na majirani. Si ajabu misheni zilizofuata zilijenga hospitali, ikiwamo yetu ya Sengerema. Katika masikio ya watu wetu, mwokozi asiyeponya ana maelezo ya kutoa.

Kitenzi cha tatu ni mdogo wao, kuokoka. Kilikuja kwa kishindo na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukashuka Bukoba na kusambaa kandokando ya ziwa. Wafuasi wake Waganda waliwaita Balokole, waliookoka, na sisi tukapata neno mlokole, ambalo leo linatumika kwa heshima au kwa kejeli kutegemea nani anasema. "Nimeokoka" ikawa salamu na kitambulisho.

Hebu tazama sarufi. "Nimeokolewa" ina mtu nyuma yake, hata asipotajwa. "Nimeokoka" ipo pamoja na kikombe kimevunjika na mlango umefunguka: hali imetokea, aliyeitenda hayupo kwenye sentensi. Walokole wa kwanza hawakuwa na tatizo hilo. Shuhuda zao zilijaa msalaba na damu, na mtenda aliyetoka kwenye kitenzi alirudi kwenye simulizi. Lakini kitenzi kinaishi kuliko simulizi. Siku hizi nasikia watu wakisema wameokoka na kuendelea moja kwa moja kwenye gari, nyumba na safari, na hakuna mahali popote ambapo ningeweza kuuliza: na nani?

Ndiyo maana nadhani wapenda lugha tuna la kusema kwenye mjadala huu, tuwe waamini au tusiwe. Maaskofu wa Nikea walipigania nomino kwa sababu walijua vitenzi vinazitegemea. Kwetu ilianzia upande wa pili: tulipewa vitenzi, vyenye bei na vyenye maji ndani yake, vikatulazimisha kuuliza ni nani anaweza kuvibeba. Jirani yangu Mwislamu, ambaye kwake Masihi ni Isa bin Mariamu na si zaidi, ananijibu kwamba Mungu akitaka kusamehe anasamehe tu, hana haja ya kulipa wala kulipwa. Ni jibu zito, kwa sababu linakataa kitenzi chenyewe. Na Gregori wa Nazianzo, nadhani, angevuta kiti akae asikilize.